Pazia la Buluu la Mama Seini

Aliyekosa gazeti la juma lililopita asihangaike kulitafuta. Mambo yenyewe ni haya.

Mimi ni Lesieli, mwimbaji wa Nukuʻalofa. Mzee Uesile alinirekodia albamu ya kwanza katika studio iliyo nyuma ya nyumba yake. Albamu ile ilivuka bahari, ikachezwa harusini kuanzia Auckland hadi Sydney. Mkataba ulitaka nimfanyie na ya pili. Kampuni kubwa ya Auckland ikanitamani, Uesile akakataa kuniachia, tukafikishana mbele ya wasuluhishi. Huko nikasema uongo.

Nilisema kwamba Uesile alimketisha kaka yangu Hopoate nyuma ya kioo cha studio nilipokuwa nikiimba wimbo wa mapenzi, na kwamba hakunijulisha. Kwetu Tonga hakuna kaka anayeketi kumsikiliza dada yake akiimba mahaba. Hata sinema hawatazami pamoja. Wasuluhishi waliinamisha vichwa kwa aibu, na mkataba ukavunjwa.

Uesile hakunibishia. Alisema tu, "Ikiwa binti anasema hivyo, huenda nilisahau kumwambia." Hopoate hakuulizwa. Nani angethubutu kumuuliza kaka juu ya wimbo wa namna ile wa dada yake?

Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemwita Hopoate. Fundi mitambo alikuja amelewa, na hakuna mtu kisiwani anayepiga gitaa na kupanga sauti kama kaka yangu. Uesile alikataa katakata. "Binti yangu, huyo ni kaka yako." Nikamwambia kwamba Shangazi Toakase ameruhusu, mradi tu tuwekewe pazia. Shangazi hakuwa na habari. Nikaomba pazia la buluu kwa mke wa Uesile, Mama Seini, nikalitundika kwenye kioo, nikaimba.

Leo naanzia asubuhi ya Jumatano. Albamu yangu ya pili ilikuwa izinduliwe Ijumaa.

*

"Zima hicho kidude," Shangazi Toakase alisema, akielekeza kidole kwenye redio.

"Shangazi, ni wimbo wangu."

"Najua ni wako. Watoto wa shule wameniimbia njia nzima kutoka sokoni. 'Uliniita binti, ukaniuza mchana.' Wakipita kwa Uesile wanapandisha sauti."

"Wanauimba langoni kwake?"

"Kwani ulidhani wimbo una breki?"

Nilizima redio. Huo ndio wimbo wa kwanza wa albamu mpya. Niliuandika Auckland, na meneja wangu alinishangilia hadi akamwaga chai. Sikuwahi kufikiri kwamba ungerudi nyumbani kwa miguu na kusimama mbele ya nyumba ya mtu.

Meneja mwenyewe alikuwa ameketi sebuleni kwetu. Filipe alizaliwa Mangere, kule Auckland, akakulia huko, na alikuwa amevaa miwani ya jua.

"Vua miwani," Shangazi alimwambia. "Humu ndani hakuna jua."

"Ni mtindo, Shangazi."

"Basi mtindo wako ungekaa nje pamoja na viatu."

Filipe akavua. Mtu yeyote huvua mbele ya Shangazi Toakase. Ni dada wa baba, na katika nyumba yetu neno lake ndilo la mwisho. Baba yangu mwenyewe, alipokuwa hai, hakugusa chakula kabla ya dada yake kushiba.

Tukasikia mtu akibisha hodi. Alikuwa Mama Seini.

Alikuwa amejifunga mkeka wa heshima kiunoni, kama mtu anayekwenda kanisani au kwa wakubwa. Hakunitazama. Alikaa chini mbele ya Shangazi, miguu ameikunja upande.

"Toakase, nimetumwa na mume wangu."

"Sema, Seini."

"Anaomba ruhusa. Siku ya Ijumaa, kabla binti hajaanza kuimba, anataka kuja ukumbini na mkeka uliochanika na shada la majani ya mti wa ifi. Anasema kosa lilitajwa mbele za watu, naye ataomba radhi mbele za watu."

Filipe aliruka kama aliyechomwa na mwiba. "Jukwaani? Mbele ya kamera?"

"Nyamaza, wewe mtoto wa Mangere," Shangazi alisema bila kugeuka. Akamgusa Mama Seini bega. "Mwambie aje. Uesile ni mtu mzima, na mtu mzima akiinama hasukumwi. Nitalivua shada shingoni mwake kwa mikono yangu. Na likishavuliwa, jambo hili limezikwa. Sitaki kulisikia kwa mtu yeyote, mahali popote. Lesieli, umesikia? Na wimbo wako huo utaupumzisha."

"Nimesikia, Shangazi."

Nje, nyuma ya jiko, mtu alikuwa akikuna nazi. Nilijua ni Hopoate. Hukaa upande ule wa nyumba kila ninapokuwa upande huu.

*

Nilimsindikiza Mama Seini hadi kwenye jiko la nje. Nilitaka kumwambia kitu, lakini yeye ndiye aliyetangulia.

"Siku hizi Uesile ananichosha. Akiamka tu ananiuliza, 'Seini, kweli sikumwambia yule mtoto? Mbona nakumbuka ni yeye aliyemwita kaka yake?' Namwambia, mzee, lala. Juzi ametia chumvi kwenye chai, akalia. Si kwa sababu ya chai. Alisema, 'Umeona? Mimi ni mtu wa kusahau. Basi nilisahau kweli.'"

"Mama Seini..."

"Ameacha kuongoza kwaya. Hakuna aliyemfukuza. Anasema hawezi kusimama mbele ya mabinti wa watu."

Mwanamke huyu alinilisha mwaka mzima nilipokuwa nikirekodi. Alikuwa akinipakulia majani ya magimbi kwa nyama na tui, kisha ananikaripia kwamba mwimbaji mwembamba hasikiki.

"Lesieli," alisema, "lile pazia langu la buluu. Uliniambia unalitaka kwa sababu jua linakuchoma machoni ukiwa studio."

"Ndiyo, Mama."

"Jana niliingia kufagia humo. Nikasema ngoja nitazame hilo jua linapitia wapi."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Studio ile haina dirisha, mwanangu."

Sauti ya kukuna nazi ilikatika.

"Umemwambia Baba Uesile?" niliuliza. Sauti yangu, ambayo watu hulipia kuisikia, ilitoka kama ya mgonjwa.

"Nimwambie nini? Kwamba alikumbuka sawasawa, na mtoto aliyekula mezani pake ndiye aliyemgeuza mjinga? Bora adhani amesahau. Kusahau hakuui." Alijifunga mkeka wake vizuri. "Mimi sitasema. Nataka pazia langu tu. Utalirudisha lini?"

Hakungoja jibu.

*

Filipe nilimkuta garini, anapiga simu huku na huku.

"Malkia! Hii ni zawadi. Mzee analia, wewe unalia, Shangazi anavua shada. Picha hiyo itatuuzia albamu hadi Utah, Marekani!"

"Ifute."

"Nifute nini?"

"Mzee asije. Filipe, nilidanganya. Uesile alinikataza. Mimi ndiye niliyemwita Hopoate."

Alikata simu. Akavaa miwani yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Mama Seini. Na Hopoate, tangu mwanzo."

"Watasema?"

"Hapana."

"Basi hujadanganya."

"Filipe!"

"Nisikilize, Lesieli. Uliachiliwa kwa sababu ya maneno yale. Ukiyafuta, mkataba wa Uesile unafufuka. Albamu hii, kila wimbo uliomo, inakuwa mali yake. Auckland watakutupa kabla ya jua kuzama. Hutapata ya tatu, na ya kwanza watu hawataigusa tena. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mzee amekubali, kaka yako amenyamaza, shangazi yako ameridhika. Mtu pekee mwenye malalamiko ni wewe uliyeshinda. Nenda ukapumzishe koo."

Nataka niseme kwamba nilimpiga kofi. Sikumpiga. Nilikwenda kupumzisha koo.

*

Jioni Hopoate hakuja kula. Shangazi alimwekea sahani, akaifunika.

"Amekuwa kama mtu aliyefiwa," alisema. "Tangu shauri lenu lile hajarudi kunywa kava na wenzake."

"Walimfanya nini?"

"Hujui? Walimuuliza, 'Hopo, sisi tunabishana hapa, wewe uliye karibu tuambie, ile sauti ya dada yako ni tamu hivyohivyo bila mitambo?' Wakacheka hadi wakamwaga bakuli. Akaweka kifuu chake chini, akaja nyumbani, akang'oa nyuzi zote za gitaa."

Nilikuwa nimeliona gitaa lile ukutani, tupu. Nilidhani anasubiri nyuzi mpya.

Mimi na Hopoate si wa tumbo moja. Yeye ni mtoto wa baba mdogo, lakini tulilelewa katika nyumba hii, na kwetu huyo ni kaka bila maelezo. Tulipokuwa wadogo tuligombania hata mifupa ya samaki. Tulipopevuka, tukaachana njia kama inavyotakiwa. Tangu hapo akitaka kuniambia kitu humwambia Shangazi. Wakati wa albamu ya kwanza alimtuma hivi: "Mwambie dada asipandishe sana mwishoni, watu watajua anaogopa." Alikuwa sahihi, na albamu ile ilipendwa kwa sababu ya shauri hilo.

Na mimi nilimchagua yeye awe uongo wangu kwa sababu nilijua hawezi kufungua kinywa. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alijue. Sikuteleza. Nilihesabu juu ya heshima ya kaka yangu.

*

Alhamisi niliamka nikiwa nimeamua. Nitamtangulia Uesile. Nitakwenda kuketi mbele ya nyumba yake, mimi, kabla yeye hajaja kuinama mbele yangu.

Nilifungua sanduku la mikeka. Mkeka wa babu, ule mkubwa uliochanika pembeni, haukuwamo.

"Shangazi, mkeka wa babu uko wapi?"

"Jana ulikuwa humo. Wa nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

Alikuwa akisuka shada la maua kwa ajili ya Ijumaa yangu. Akaliweka chini.

"Anayeutaka mkeka ule bila msiba ana neno, na neno hilo mimi ndiye wa kuambiwa kwanza. Sema."

Nilipiga magoti.

"Siku ile studio, Baba Uesile alikataa Hopoate aingie. Nikamwambia wewe umeruhusu."

"Mimi?"

"Ndiyo."

"Mimi, Toakase, niruhusu kaka asikilize mambo yale ya dada yake?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Naye akaniamini mimi." Alisema polepole, kama anayefundishwa. "Akakubali kwa sababu ya jina langu. Kisha ukaenda kusema hukujua aliye nyuma ya kioo. Na mimi nimekaa hapa nasubiri kumvua mzee wa watu shada shingoni."

Nilingoja anipige. Ingekuwa nafuu.

"Ondoka," alisema. "Nenda huko ulikokuwa unakwenda. Nenda kabla sijasimama."

Sikuwa na mkeka. Nikachukua kitu kingine kutoka chini ya nguo zangu, nikakikunja, nikakibana kwapani. Lilikuwa pazia la buluu. Nilikuwa nimelificha tangu siku ile, na sijui kwa nini sikulichoma.

Nilipita kwenye mti wa ifi ulio kando ya ukuta wa jirani ili nikate majani ya kuvaa. Matawi ya chini yalikuwa yamevunjwa, utomvu bado mbichi. Nikasema moyoni, watoto hawa. Nikaendelea bila shada.

Haikunijia akilini hata kidogo. Mkeka haupo, majani yamekatwa, sahani ya jana haijafunuliwa, nami nikawalaumu watoto.

*

Lango la Uesile lilikuwa wazi.

Mbele ya baraza, chini kwenye mchanga, mtu alikuwa ameketi ameinamisha kichwa. Mkeka wa babu ulimfunika kutoka kifuani hadi miguuni. Shingoni alikuwa na shada la majani ya ifi.

Alikuwa Hopoate.

Uesile alikuwa amesimama kwenye ngazi, amevaa fulana, ndevu hazijachanwa. Mama Seini alikuwa nyuma yake na ufagio mkononi. Nilisimama nje ya lango, kando ya ua wa maua, hakuna aliyeniona.

"Inuka, mwanangu," Uesile alisema. "Wewe hunidai, wala sikudai."

"Siinuki, Baba. Nimekuja kusema. Siku ile niliingia chumba cha mitambo kwa hila. Wewe hukujua kwamba ni mimi. Dada hakujua. Niliyafanya peke yangu, nikawaacha mkagombana."

"Wewe?"

"Mimi. Nilitaka gitaa langu lisikike kwenye rekodi. Ilikuwa tamaa."

Aliupanga vizuri, kama anavyopanga sauti. Uesile angepona, kwa sababu hakusahau chochote. Mimi ningepona, kwa sababu sikudanganya. Albamu ingetoka. Angebaki mtu mmoja tu, kaka aliyejificha amsikilize dada yake. Kisiwani kwetu mtu huyo hapewi mke, hazikwi na wenzake, wala hapiganiwi.

Mzee alikaa kwenye ngazi. Niliuona uso wake ukifunguka. Alikuwa amejitilia shaka hadi hakuiamini tena kumbukumbu yake ya siku ile, akaling'ang'ania neno la Hopoate. "Seini, umesikia? Hakuna nilichosahau. Sikuwa nimesahau!"

Mama Seini hakufurahi.

"Hopoate," alisema, "na pazia? Nani alitundika pazia?"

"Mimi, Mama."

"Ulilipata wapi?"

"Chumbani kwako. Niliiba."

"Wewe hujawahi kuvuka kizingiti cha chumba changu. Haya, nirudishie. Liko wapi?"

Hopoate hakuwa na jibu. Nilikuwa nalo mimi, kwapani.

"Seini, mwache," Uesile alisema. Alikuwa ameanza kulia kwa nafuu, akajifuta kwa fulana. "Pazia ni kitu gani? Kijana amekuja na majani. Nani atamkalisha mtu mchangani kwa sababu ya kitambaa?"

Alishuka ngazi. Akainama mbele ya Hopoate, akashika shada pande zote mbili.

Nilijua kinachofuata. Kila mtu kwetu anakijua. Shada likitoka shingoni, neno limezikwa. Hakuna atakayeniuliza tena. Ijumaa nitaimba. Nilichotakiwa kufanya ni kubaki kando ya maua, nivute pumzi, nisubiri.

Nyuma yangu, watoto wa shule walikuwa wakija barabarani. "Uliniita binti, ukaniuza mchana." Walipokaribia lango wakapandisha sauti, kama Shangazi alivyosema. Kisha wakamwona mtu aliyeketi na mkeka uliochanika. Wakaniona na mimi. Wimbo ukafa katikati ya neno.

Katika kimya kile, Uesile akaanza kulinyanyua shada.

"Baba Uesile," nilisema. "Usilivue."

Wote wakageuka. Hopoate aligeuka wa mwisho. Alinitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya tangu tulipopevuka.

Kwetu dada ni mkubwa kwa kaka, hata akiwa kitinda mimba. Kaka humsikiliza, humlinda, humpa kipande kizuri cha nguruwe. Hamwamuru. Sijapata kusikia kaka aliyemwamuru dada yake mbele za watu.

"Dada," Hopoate alisema. "Nyamaza."

Mikono ya Uesile ilisimama, shada likiwa limefika masikioni mwa kaka yangu. Mzee hakumtazama yeye. Alifuata macho ya mke wake, yakapita lango, yakapita kwenye uso wangu, yakashuka hadi kwapani mwangu, ambako ncha ya kitambaa ilikuwa imechomoza.

"Lesieli, binti yangu," aliuliza, "umebeba nini hapo?"